Lugha Iliyopokea Wakimbizi

Pale Rusizi II, mpakani, ukisimama nusu saa tu kando ya foleni utasikia lugha saba bila kulipa kitu. Akina mama wenye mabeseni wanabishana bei kwa Mashi. Dereva wa lori anapiga simu kwa Kiswahili cha mbali, cha pwani, utamjua kwa jinsi anavyovuta maneno. Askari anaomba karatasi kwa Kinyarwanda, mtu wa ofisi anamjibu kwa Kifaransa. Kuna Kihavu, kuna Kifuliiru, kuna Lingala ya vijana wanaotaka kuonekana wajanja. Mto wenyewe ni mwembamba, lakini maneno yanayovuka kila siku hakuna anayeyahesabu wala kuyatoza ushuru.

Mimi nafanya kazi na vijana upande huu wa mto. Jumamosi tunakaa na watoto wa familia zilizovuka: tunasoma, tunacheza, tunaandika kidogo. Tuna sheria moja ambayo niliiweka mimi mwenyewe toka mwanzo: ndani ya kikundi tunasema Kiswahili tu. Sababu yake wasomaji wa jarida hili wanaijua bila kuelezwa. Kwetu lugha inakutaja kabla hujataja jina. Mtoto akifungua mdomo, mwenzake ameshajua baba yake ni wa upande gani, na yale mengine yanafuata. Kiswahili hakina mlima wala ukoo. Nikaona ndicho kitatuweka pamoja, na kweli kimetuweka.

Sasa, siku moja niliwasimulia hadithi ya kasuku. Mwaka 1800 msafiri Mjerumani, Alexander von Humboldt, alipanda mto Orinoco huko Amerika ya Kusini. Karibu na maporomoko ya maji alisikia habari za watu walioitwa Waature, kabila lililokuwa limekwisha. Wenyeji wa jirani wakamwambia kwamba kuna kasuku mzee anayesema, lakini hakuna anayemwelewa, kwa sababu anasema lugha ya wale Waature. Watu wamekwisha, kasuku amebaki na maneno yao. Watoto walicheka sana, wakaanza kuiga sauti ya kasuku. Kisha binti mmoja wa miaka kumi na mbili, ambaye kwa kawaida hasemi, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu:

"Yaya, na huku kwetu luga inakufaka?"

Nikasema ndiyo, hata huku.

"Nani anaiuaka?"

Nilijibu kitu, sikumbuki nini, tukaendelea na mchezo. Makala hii ndiyo jibu langu, limechelewa miezi kadhaa. Nimesoma sekondari tu, si mtaalamu wa lugha. Lakini nimetafuta, nimeulizia, nimesoma nilichoweza kupata, na nilichokipata kimenifanya niitazame upya ile sheria yangu ya Jumamosi.

Jibu la kwanza nilikuta Tanzania, katika nyika ya Wamaasai, upande wa kaskazini. Huko waliishi watu walioitwa Waasa. Wataalamu huandika lugha yao Kiaasax. Walikuwa wawindaji. Waliishi kwa nyama ya porini, asali, mizizi na matunda. Lugha yao haikuwa ya Kibantu kama Kinyarwanda, Mashi au Kiswahili, wala haikuwa ndugu wa Kimaasai. Wataalamu wengi wanaiweka katika ukoo wa lugha za Kikushi, pamoja na Kiiraqw cha watu wa Mbulu ambacho hadi leo kina wasemaji wengi sana. Yani Kiaasax kilikuwa na ndugu mkubwa mwenye afya njema hapo hapo jirani, na bado kikafa. Kuwa na ndugu mkubwa hakuokoi.

Waasa waliishi katikati ya Wamaasai. Wamaasai walikuwa na neno moja kwa watu wote wa namna hiyo, wasio na ng'ombe, wanaoishi kwa kuwinda: il-torobo. Ndilo neno ambalo Waswahili na Wazungu waligeuza kuwa Wandorobo. Si jina la kabila, ni jina la umaskini. Ukiitwa hivyo, umeambiwa kwamba huna ng'ombe, na kwa mchungaji asiye na ng'ombe ni mtu wa chini. Waasa walijifunza Kimaasai kwa sababu ya biashara na ujirani, na nyumbani wakaendelea na lugha yao. Mtu akiwa na lugha mbili hajapungukiwa kitu. Sisi sote hapa tunazo tatu, nne, na tunalala usingizi.

Kilichobadilisha mambo ni ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka iliingia Afrika kupitia Eritrea mwaka 1887. Kufika 1891 ilikuwa imeshuka mpaka nchi za Wamaasai. Iliua karibu mifugo yote. Wanahistoria wengi wanasema ng'ombe tisa katika kila kumi. Ikafuatwa na ndui, ikafuatwa na njaa. Wamaasai, watu ambao kila jirani aliwaogopa, wakabaki wanatembea na fimbo bila kitu cha kuchunga. Ugonjwa huo leo haupo tena duniani. Mwaka 2011 ulitangazwa kwamba umefutwa kabisa. Lakini kazi yake ilikuwa imeshafanyika.

Sasa sikiliza hapa, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo mimi nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Wamaasai waliopoteza ng'ombe walikwenda wapi? Wengine walikwenda kwa wakulima. Na wengine walikwenda kwa wale wale waliokuwa wakiwadharau. Mtaalamu Mjerumani, J. C. Winter, aliyeandika historia ya Waasa mwaka 1979, anaeleza kwamba Wamaasai wenye njaa walikimbilia kwa Waasa. Walikwenda kama wakimbizi. Waasa wakawapokea, wakakaa nao, wakala nao nyama ya porini. Na katika kukaa huko, Kimaasai ambacho zamani kilikuwa lugha ya nje, lugha ya sokoni na ya njiani, kikaingia ndani ya nyumba. Watoto wakakua wanakisikia jikoni. Ng'ombe walipoanza kurudi na Wamaasai wakajijenga tena, watoto wa Waasa walikuwa tayari wanasema Kimaasai kama lugha ya kwanza.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mkimbizi ndiye anayepoteza lugha. Ndivyo tunavyoimba sisi: tumeacha nyumba, tumeacha shamba, watoto wetu wanasahau. Kumbe mara nyingine ni kinyume. Mwenyeji alimfungulia mgeni mlango, mgeni alikuwa maskini kuliko yeye, lakini lugha ya mgeni ilikuwa bado na heshima. Ilikuwa lugha ya watu wenye ng'ombe, hata katika miaka ile ambayo ng'ombe wenyewe walikuwa mifupa. Njaa iliwashusha Wamaasai, haikuishusha lugha yao. Mtoto wa Kiasa alipochagua lugha ya kucheza, alichagua ile yenye heshima. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyechapwa.

Anayetajwa kuwa msemaji wa mwisho wa Kiaasax alikuwa mzee Kimindet ole Kiyang'u. Alifariki mwaka 1976, na inasemekana alikuwa na karibu miaka tisini. Tazama jina lake tu. Hilo "ole" ni la Kimaasai, maana yake mtoto wa fulani. Yani hata mtu wa mwisho aliyeibeba lugha ile aliibeba chini ya jina la lugha nyingine. Piga hesabu na wewe: kama alizaliwa karibu mwaka 1888, basi sotoka ilipofika alikuwa mtoto mdogo wa kutembea. Maisha yake yote, kutoka utoto hadi kaburini, ndiyo muda ambao lugha ile ilitumia kufa. Lugha haifi kama moto unaozimwa na maji. Inakwisha kama sabuni.

Na kalamu ilikuwa wapi? Ilikuja, lakini kila mara ilichelewa. Afisa Mjerumani Moritz Merker, aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya Wamaasai mwaka 1904, aligusia Waasa na maneno yao. Mmarekani Harold Fleming aliandika juu yao mwaka 1969. Winter akachapisha mwaka 1979, mzee yule akiwa ameshakufa. Halafu mwaka 2010 Sara Petrollino na Maarten Mous walichapisha utafiti uliofanywa na watu ambao si wasemaji tena bali wakumbukaji: wazee wenye maneno na misemo michache iliyobaki kichwani, kama sarafu za nchi ambayo haipo. Hakuna sarufi kamili ya Kiaasax na haitakuwepo. Kuna orodha za maneno. Na orodha ya maneno, kama umewahi kuiona, inaanza na kichwa, jicho, mkono, maji, nyama. Haikuulizi mnamtuliza vipi mtoto anayelia usiku, wala mnamwambia nini mtu aliyerudi porini mikono mitupu.

Niliposimulia hayo kwa mwenzangu tunayefanya naye kazi, akaniambia: "Sawa, lakini hao walikutwa na maafa. Bila sotoka wangekuwapo." Inawezekana. Kwa hiyo nikatafuta kisa cha pili, nikakipata Kenya.

Kaskazini mwa Mlima Kenya, Laikipia, kuna msitu unaitwa Mukogodo. Humo waliishi Wayaaku. Hao nao walikuwa wawindaji na warina asali, waliishi katika mapango ya miamba, na lugha yao nayo ilikuwa ya Kikushi. Hao hawakukutwa na siku moja ya maafa. Walikutwa na mahari.

Zamani Wayaaku walioana wao kwa wao, na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Mwanaume alitoa mizinga, akapewa mke. Halafu katika miaka ya 1920 na 1930, Waingereza walipokuwa wamepanga upya maeneo ya watu, majirani wanaosema Kimaasai wakasogea karibu, wakaanza kuoa mabinti wa Wayaaku, na wao wakalipa mifugo. Mtafiti Lee Cronk ameeleza vizuri kilichofuata. Baba aliyepokea ng'ombe kwa binti wa kwanza hakutaka tena mizinga kwa binti wa pili. Basi kijana wa Kiyaaku mwenye mizinga yake akakosa mke. Ili aoe lazima apate ng'ombe, ili apate ng'ombe lazima aishi kama mchungaji, na mchungaji husema Kimaasai. Katika muda wa kizazi kimoja hivi watu wakatoka mapangoni wakaingia kwenye maboma.

Na kuna jambo moja ambalo nimelisoma mara tatu ili nihakikishe sijakosea. Mtaalamu Matthias Brenzinger ameandika kwamba katika miaka ya 1930 Wayaaku walifanya mkutano wa hadhara, wakaamua wenyewe kuacha lugha yao na kusema Kimaasai na watoto wao. Walikaa kikao. Kama sisi tunavyokaa kikao kupanga zamu ya maji. Walikaa, wakajadili, wakapitisha. Ukiwaza vizuri walikuwa wazazi wanaowapenda watoto wao: walitaka wasiitwe tena maskini, wapate kuoa, wasichekwe. Sijui kama mimi ningekuwa pale ningenyanyua mkono kupinga.

Bernd Heine alipofika kwao kuandika lugha hiyo, wasemaji walikuwa wazee tu. Katika miaka ya 2000 watoto na wajukuu wa waliopitisha uamuzi ule walianza kuitafuta tena, wakisaidiwa na wataalamu wa Leiden huko Uholanzi, na wazee waliobaki na lugha kamili walihesabika kwa vidole. Lakini jambo moja linashangaza: katika Kimaasai wanachosema Wayaaku leo, yamebaki maneno ya Kiyaaku, na mengi ni ya nyuki na asali. Kimaasai hakikuwa na maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo kazi ikayaficha maneno ya zamani ndani yake. Watu waliiacha lugha, nyuki hawakuiacha.

Hapo nikarudi nyumbani kwa mawazo, kwenye milima hii tunayoiona kila asubuhi.

Kabla ya Mashi, kabla ya Kinyarwanda, kabla ya sisi wote, misitu ya pande zote za ziwa Kivu ilikuwa na Batwa. Leo Batwa wa Rwanda wanasema Kinyarwanda, wa Burundi wanasema Kirundi, wa Bushi wanasema Mashi. Kama zamani walikuwa na lugha yao peke yao, au walikuwa nazo kadhaa, wataalamu wanabishana, na hakuna orodha hata ya maneno kumi ya kumaliza ubishi. Kiaasax kilipata kalamu iliyochelewa. Hapa kalamu haikufika kabisa. Mfaransa Serge Bahuchet alifanya kazi upande wa magharibi wa msitu mkubwa wa Kongo, kwa Waaka na Wabaka. Waaka wanasema lugha ya Kibantu, Wabaka wanasema lugha ya ukoo mwingine kabisa, hawasikilizani. Lakini alikuta wana maneno mengi wanayoshirikiana, na mengi ni ya msitu: miti, wanyama, asali, vifaa. Akaona ni mabaki ya lugha ya pamoja ya zamani. Tena asali. Tena kazi ndiyo iliyotunza maneno.

Ndiyo maana ninaposoma historia ya Kahuzi-Biega sisomi tena kama habari ya sokwe peke yake. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, mwaka 1980 ikawekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Batwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa. Upande huu, Nyungwe ilianza kulindwa na serikali ya kikoloni mwaka 1933, na katika miaka ya 2000 ikawa hifadhi ya taifa. Sitaki kubishana hapa juu ya kulinda misitu; misitu ikiisha wote tutalia. Ninachosema ni kwamba kama maneno ya zamani huwa yanajificha ndani ya kazi, basi ukimtoa mtu msituni umeyatoa maneno yake mahali pa kujificha. Mtu anayeishi pembeni ya barabara bila msitu hana haja ya majina kumi ya asali. Katika Rwanda Batwa wanaitwa kwa maneno rasmi "walioachwa nyuma na historia". Mimi naona historia haikuwaacha nyuma tu, iliwapita bila hata kuwauliza wanaitaje vitu.

Mama mmoja Mutwa, mfinyanzi, anauzaga vyungu vyake si mbali na tunapokutania. Nilimuuliza siku moja, kwa heshima, kama mababu zake walikuwa na lugha yao. Aliendelea kufuta chungu kwa kitambaa. Akasema: "Mwanangu, mtu anayeomba chakula anaomba kwa lugha ya mwenye chakula." Halafu akaniuliza kama nanunua au nauliza tu. Nilinunua. Kile chungu ninacho.

Basi, nani anaiua lugha? Kwa nilivyoona, hakuna muuaji mmoja wa kumkamata. Kwa Waasa ilikuwa ukarimu na heshima ya ng'ombe. Kwa Wayaaku ilikuwa mahari. Kwa Batwa, lolote lililokuwapo, ilikuwa njaa na kuhamishwa. Lakini mahali pote pana wakati mmoja unaofanana: mtu mzima anaangalia mtoto wake, anajiuliza lugha gani itamsaidia kesho, na anajibu kwa haki kabisa. Kila mmoja anajibu sawa katika nyumba yake, na jumla ya majibu sawa ni kaburi.

Na hapa inabidi niseme ya kwangu, vinginevyo nitakuwa mwongo.

Koko yangu, mama wa mama, alizaliwa Lwindi, huko Mwenga. Alikuwa Munyindu na alisema Kinyindu. Wengi wenu hamjawahi kukisikia kikitajwa, na siwalaumu. Ni lugha ndogo iliyokaa kando ya Mashi, na Mashi imekuwa ikiivuta polepole kwa muda mrefu. Koko aliolewa Walungu, kwa Bashi. Mama akakua na Mashi, Kinyindu alikuwa anakisikia tu pale koko anapozungumza na dada zake au anapokasirika. Mama akahamia Bukavu, mimi nikazaliwa mjini, na mjini ni Kiswahili. Vizazi vitatu, lugha tatu, bila vita hata moja katikati. Vita vilikuja baadaye na vilikuta kazi imekwisha.

Koko alipokuwa anakuja kututembelea, alikuwa ananisemesha kwa lugha yake na mimi namjibu Kiswahili. Siku moja akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika ili niweze kuelewa: "Unanijibu kama vile mimi ni mugeni mu nyumba ya mtoto wangu." Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilicheka. Nilifikiri ni utani wa wazee. Koko alifariki nikiwa sekondari, mwaka wa nne.

Baada ya kusoma habari za wale wakumbukaji wa Kiaasax, nilimpigia mama simu nikamuomba maneno ya koko. Akanyamaza. Akasema hana. Nikamwambia fikiri, koko alikuwa anasemaje akiwafukuza kuku? Papo hapo likatoka, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya koko kabisa, mpaka nikashtuka. Kisha likatoka lingine, la kumwita mtoto aliyejificha. Lingine la maharagwe yaliyoungua chini ya chungu. Tulifika kumi na moja. Siyaandiki hapa kwa sababu mama na dada yake bado wanabishana juu ya matamshi ya matatu, na nisingependa kuchapisha kosa. Lakini nimeyaandika kwenye daftari, pamoja na tarehe, na karibu na kila neno nimeandika kazi iliyokuwa inafanyika liliposemwa. Mama yangu, ambaye hajazeeka hata kidogo, tayari ni mkumbukaji.

Sasa ile sheria ya Jumamosi. Nimefikiri sana. Kuna siku niliona niifute. Halafu nikakumbuka kwa nini niliiweka, na sababu haijaondoka. Mtu yeyote aliyefika hapa kwa miguu anajua haijaondoka. Kiswahili kinatulinda. Lakini ni kweli pia kwamba mimi, bila mkutano wa hadhara, niliwapitishia watoto ishirini na kitu uamuzi ule ule wa Wayaaku. Kiswahili chenyewe hakihitaji msaada wangu. Kina mamilioni ya watu, kina redio, na kina siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Kwetu pale kikundini, Kiswahili ndicho Kimaasai.

Kwa hiyo tumebadilisha kidogo. Saa nzima ya kwanza ni Kiswahili. Nusu saa ya mwisho, kila mtoto anayetaka analeta neno moja kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani, si neno la orodha kama kichwa au mkono, bali neno la kazi: kutwanga, kufunga mzigo, kuchunga, kupika. Anatuonyesha kazi kwa mikono, anasema neno, sisi tunalirudia.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mbaya, nasema kweli. Kwanza kimya. Halafu mvulana mmoja akaleta neno, na mwingine akacheka, akalirudia kwa sauti ya dharau ambayo sote tunaijua imetoka wapi. Yule wa kwanza akasimama na ngumi. Kile nilichokiogopa toka mwanzo kilikuwa pale mbele yangu, katika sekunde kumi. Niliwakalisha. Nikamwambia aliyecheka alete neno la kwao kwa kazi ile ile, ya kufunga mzigo mgongoni. Hakuwa nalo. Alijaribu, akatazama juu, akatazama chini, hakuwa nalo. Aliyekuwa na ngumi akaishusha mwenyewe.

Wiki iliyofuata yule aliyecheka alikuja nalo. Alikuwa amemuuliza baba yake mkubwa, akalisema mara mbili, akafunga mzigo wa kitenge mgongoni mwa dada yake mdogo kutuonyesha. Maneno mawili yale yalikaribiana kama ndugu wa tumbo moja, na watoto ndio walioliona hilo kabla yangu.

Na yule binti aliyeniuliza swali bado hajaleta neno. Anasema nyanya yake yuko ng'ambo, na simu haishiki. Nimemwambia hatuna haraka. Naye akanitazama kama mtu anayejua kwamba nimesema uongo.